Muangalieni Kwanza, Jina Litakuja: Maswali Yenu Kuhusu Kutambua Ndege

Meseji zenu kuhusu ndege zimekuwa nyingi tangu shule zifunguliwe, na nyingi zimetoka kwa walimu, kwa kweli nimefurahi sana. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Walioomba niwatumie orodha ya ndege wote wa Tanzania au wa Kenya naomba mnivumilie, kila nchi hapo ina aina zaidi ya 1,000 na hakuna mtu anayewajua ndege kwa kukariri orodha, wanajulikana kwa kuangaliwa, na mtaona karibu kila jibu humu linarudi hapohapo.

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Morogoro, darasa lina watoto zaidi ya 70, hatuna darubini hata moja wala kitabu cha ndege. Natamani kuwafundisha kutambua ndege lakini sijui nianzie wapi, mimi mwenyewe nawajua kunguru na njiwa basi.
*Mwalimu, Morogoro*

Nzuri mwalimu, pole na majukumu. Hiyo darubini isikunyime usingizi, ndege wa kuanzia wote wanaonekana kwa macho. Na kunguru na njiwa unaosema unawajua basi, hao ni mtaji, ongeza shomoro wa kwenye paa la darasa hapo umeshapata vipimo vitatu: shomoro, njiwa, kunguru. Ndege yeyote mtakayemuona, swali la kwanza kwa watoto liwe hilo, ni mdogo kuliko shomoro, yuko kati ya shomoro na njiwa, au anamzidi kunguru? Watoto wakizoea kupima hivyo hawatakuja tena kukwambia "nimeona ndege mkubwa" ukabaki hujui mkubwa wa namna gani.

Kazi ya darasani ifanye siku moja au mbili tu kabla hamjatoka. Chora ndege mkubwa ubaoni halafu watoto waje mmoja mmoja kutaja sehemu: mdomo, utosi, koo, kifua, tumbo, mgongo, bawa, mkia, na ile sehemu ya chini pale mkia unapoanzia ambayo watu wengi hawaiangalii kabisa. Iangalieni. Shore, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusicheusi anayepiga kelele kwenye miti ya uwanja karibu kila shule Tanzania nzima, ana rangi ya njano hapo chini ya mkia, na mtoto akishaiona hiyo njano mara moja hatamsahau shore maisha yake yote. Kisha ongeeni kuhusu midomo. Mfupi mnene ni wa kuvunja mbegu, mrefu mwembamba uliojipinda ni wa kunyonya maua, wenye ncha iliyopindia chini ni wa kuchania nyama. Watoto wanaipenda sana sehemu hii kwa sababu wanaanza kukisia ndege anakula nini bila kumuona anakula.

Sasa kutoka nje. 70 kwa pamoja hapana, ndege wote watahama. Wagawe makundi ya watoto kumi kumi, kila kundi na mti wake ndani ya uwanja wa shule, wakae chini kimya kama dakika ishirini, na iwe mapema, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi ndo ndege wanahangaika kutafuta chakula, ukiwatoa saa sita mchana utawaonyesha matawi tu. Kila mtoto aandike kwenye daftari ukubwa, alikuwa wapi (chini, juu kabisa ya mti, kwenye ua) na alikuwa anafanya nini. Rangi iandikwe mwisho. Najua inashangaza lakini rangi inadanganya sana, ndege akiwa kwenye tawi na mbingu nyeupe nyuma yake anaonekana mweusi hata kama ni wa kijani, na mtoto aliyeandika "mweusi" peke yake hana kitu cha kukusaidia baadaye.

Ndege watano kwa muhula mzima wanatosha, mwalimu, usione ni wachache. Kunguru, shore, mwewe, mnana na chozi. Mwewe wao wamwangalie mkia, akiwa anazunguka juu utaona mkia una pengo katikati na anaupindapinda kushoto kulia kama usukani, wakati ndege wengi wengine wala nyama mkia wao ni wa mviringo au umenyooka. Mnana ana viota vyake vya kuning'inia, hapo watoto wana somo la mwezi mzima. Na chozi, yule anayenyonya maua, nimemuweka kwa makusudi kwa sababu uko Morogoro. Kuna chozi anaitwa chozi wa Loveridge ambaye dunia nzima anapatikana milima ya Uluguru tu, hiyohiyo mnayoiona dirishani. Hamtamuona uwanjani kwenu, yeye ni wa msitu wa juu, ila mtoto anayemjua chozi wa kwenye maua ya shule ukimwambia ana ndugu yake pale mlimani asiyepatikana nchi nyingine yoyote, anaanza kuutazama ule mlima tofauti kabisa. Mkipata nguvu mfungue klabu ya Malihai, yaani klabu ya wanafunzi ya uhifadhi wa wanyamapori na mazingira, walimu wa mikoa mingi wameshafanya hivyo na mtapata wenzenu wa kubadilishana nao mawazo.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili Mwanza. Huku kwetu ndege wote weupe wa miguu mirefu wanaitwa yangeyange, lakini mimi naona hawafanani. Nawatofautishaje?
*Mwanafunzi, Mwanza*

Marahaba mdogo wangu. Macho yako yako sawa, hawafanani, na umechagua kundi zuri sana la kujifunzia kwa sababu wote ni weupe kwa hiyo rangi haikusaidii, itabidi uangalie mdomo, miguu na tabia.

Anayetembea na ng'ombe ndo yangeyange mwenyewe. Shingo fupi, mdomo mfupi wa njano, anafuata ng'ombe kwa sababu zile kwato zinawashtua panzi na yeye anawadaka. Wakati wa kuzaa anapata rangi kama ya udongo mwekundu uliofifia kichwani, kifuani na mgongoni, usidhani umeona mwingine.

Nenda sasa ukingoni mwa ziwa. Ukimuona mweupe mwembamba, mdomo mweusi, miguu myeusi, tulia umsubiri ainue mguu kutoka majini: nyayo zake ni za njano. Huyo ni yangeyange mdogo na hakuna mweupe mwingine wa hapo kwenu mwenye miguu myeusi na vidole vya njano namna hiyo, na mara nyingi utamkuta anautikisa mguu ndani ya maji ili samaki wadogo watoke walikojificha.

Halafu kuna yule mrefu kabisa, shingo ndefu yenye kona kama imevunjika katikati, anasimama peke yake muda mrefu bila kusogea. Huyo ni yangeyange mkubwa. Kuna wa kati anayefanana naye na hapo hata wazoefu wanabishana, dawa yake ni kuangalia mstari wa mdomo pale unapoishia usoni: kwa yule mkubwa unapita nyuma ya jicho, kwa wa kati unaishia chini ya jicho. Kwa hilo utahitaji darubini au umsogelee sana. Usipoweza andika tu "mweupe mrefu, mkubwa au wa kati", hiyo ni rekodi nzuri na ya kweli, kuliko kuandika jina ambalo huna uhakika nalo. Mwalimu wako wa baiolojia akiona daftari lenye "sina uhakika" za namna hiyo atajua una mwanafunzi makini ndani yako.

Wanangu wawili wa kiume wanashinda porini na manati kuua ndege, nimewachapa wee lakini wapi. Nyie mnaosema watoto wapende ndege mtanisaidiaje?
*Mama, Handeni*

Pole mama, na naomba fimbo uiweke kando kwanza. Hao watoto wako nina hakika wanajua vitu ambavyo mtoto wa mjini mwenye kitabu kizuri hajui: kwale analala wapi, njiwa wanakunywa maji saa ngapi na kisima gani, ndege gani anakimbia chini na yupi anaruka juu ukimshtua. Kumpiga ndege kwa manati lazima umnyemelee, na kunyemelea ndo nusu ya kazi nzima ya kutambua ndege.

Wape kazi inayotumia ujuzi huohuo. Nunua daftari moja, waambie kila jioni wakuchoree ndege waliyemsogelea karibu kuliko wote siku hiyo bila kumrushia jiwe, na we mama uwe unauliza maswali ya kweli, mdomo wake ulikuwaje, alikuwa na mwenzake? Ongea na mwalimu wao pia, siku darasa linapotoka kwenda porini hao wawili wawe mbele waongoze wenzao. Nimeona vijana wa namna hii wakigeuka kabisa pale walipoheshimiwa kwa wanachokijua. Viota ndo uwe mkali navyo, kiota kikiguswaguswa ndege wa aina nyingi wanakiacha na makinda yanakufa, hilo waelezee vizuri wataelewa.

Kuna apu kwenye simu unapiga picha ndege inakwambia jina. Sasa kuna haja gani ya kujifunza tena haya mambo ya mdomo na mkia?
*Dada wa Kasarani, Nairobi*

Dada apu hizo nazipenda na nazitumia. Ile inayoitwa Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ni ya bure na ukishapakua fungu la nchi yako inafanya kazi hata bila bando, jambo zuri sana kwa porini. Lakini iangalie vizuri, kama huna picha inakuuliza ulikuwa wapi, tarehe gani, ndege ana ukubwa gani, rangi zipi kuu na alikuwa anafanya nini. Ni maswali yaleyale. Mtu asiyejua kuangalia hata apu hana cha kuijibu, na picha za simu nyingi ndege anatoka kama doa jeusi kwenye mti.

Tatizo jingine ni kwamba apu inakupa jina halafu unatembea. Dakika moja, umemaliza, na ndege mwenyewe hujamwona. Ningekushauri ujiwekee utaratibu, muangalie ndege mpaka aondoke mwenyewe, andika, jaribu kukisia, afu ndo ufungue simu ikusahihishe. Na wewe uko Nairobi una bahati kubwa kuliko wasomaji wetu wengi: Nature Kenya, chama ambacho kilianzishwa mwaka 1909, kina matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia kwenye Makumbusho ya Taifa, Bi Fleur Ng'weno ndiye aliyeyaanzisha mwaka 1971. Ukitembea na mtu anayejua, akakuonyesha kwa kidole kwa nini yule ni huyu na sio yule, asubuhi moja inazidi miezi mingi ya kubonyeza simu peke yako.

Kwenye majaruba yetu ya mpunga kulikuwa na ndege wadogo wekundu kwa weusi wazuri sana, sasa hivi hawapo wamebaki wa kahawia tu. Wamehamia wapi?
*Mkulima, Kahama*

Kaka hawajahama, unawaangalia kila siku. Wale wekundu ni madume, wengi wanawaita kweche, na ule wekundu ni nguo ya msimu wa kuzaa. Mvua zikiisha na kuzaa kukiisha manyoya mekundu yanang'oka, yanaota ya kahawia yenye michirizi, na dume anafanana kabisa na jike. Mnana wengi nao wanapoteza ile njano inayowaka.

Hii ndo sababu nasisitiza mdomo, umbo na tabia, maana nguo inabadilika ila mdomo unabaki mdomo. Msimu wa kahawia hata mtaalamu anaweza kukwambia "ni wa jamii ya kweche" akaishia hapo, na ni sawa. Kwako wewe mkulima kitu cha muhimu ni kumtenga kwelea kwelea kutoka kwa hao wengine, na yeye mara nyingi utamjua kwa mdomo wake mwekundu mnene na kwa kuja kwa makundi makubwa sana yanayoruka kwa pamoja. Ukimuona huyo toa taarifa kwa bwana shamba mapema.

Nafundisha watoto wasioona na wenye uoni hafifu. Kila mara shule za jirani zinapoenda kuangalia ndege sisi tunabaki. Kuna namna?
*Mwalimu, Tabora*

Mwalimu swali lako limenigusa na jibu ni ndiyo, tena ndiyo kubwa. Ndani ya msitu wenye majani mengi hata wenye macho mazima wanatambua ndege wengi kwa sikio, na watafiti wanaohesabu ndege msituni sehemu kubwa ya hesabu yao ni sauti. Watoto wako hawaji kama wageni kwenye shughuli hii.

Anza na njiwa maana wako kila mahali na wanaimba siku nzima. Tetere mwenye ukosi mweusi shingoni anaimba kwa mapigo matatu, anarudia bila kuchoka. Njiwa mkubwa wa macho mekundu ana mapigo sita kwa mpangilio ambao mtoto anaweza kuupiga kwa vidole kwenye dawati. Pugi anaanza polepole, sauti inashuka huku ikienda kasi mpaka inaisha kama inaanguka. Wapigieni mezani hiyo midundo darasani, kila ndege mdundo wake, watoto wakae nayo siku kadhaa, halafu mtoke nje mkae chini ya mti na kila mtoto akimsikia wake anapiga mdundo taratibu kwenye goti. Baada ya njiwa muwaongeze dudumizi, yule mwenye sauti nzito ya kububujika ambaye wazee wanasema anaita mvua, na kwarara anayepiga kelele angani asubuhi na jioni.

Cha pili wafundishe kuonyesha mwelekeo na umbali, sauti imetoka wapi, juu au chini, inasogea au imetulia. Watakuwa hodari. Na ukiweza, siku moja mchanganywe na shule ile ya jirani, mwenye kuona na asiyeona wakae wawili wawili, mmoja anasema "namsikia kushoto juu", mwenzake anamtafuta kwa macho na kumuelezea alivyo. Simu ya kurikodi sauti itawasaidia mkirudi darasani. Ila msiwe mnampigia ndege sauti yake ili aje, hasa msimu wa viota, anadhani ameingiliwa na mpinzani anaacha mayai anakuja kugombana na simu.

Babu yangu anajua ndege wote wa huku kwetu kwa majina ya kienyeji na tabia zao, lakini hajasoma. Shuleni tunaambiwa hayo sio sayansi. Ni kweli?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Karatu*

Si kweli, na ungeniandikia kutoka sehemu nyingine ningekujibu kwa ufupi, lakini umetoka Karatu. Jirani zako Wahadzabe wa bonde la Eyasi wanaongozana na ndege anayeonyesha asali, yule anayekuja karibu na watu akipiga kelele mpaka wamfuate. Wanampigia mluzi naye anawajibu, anawapeleka kwenye mzinga, wao wanachukua asali yeye anabaki na nta na mabuu. Kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya ni hivyohivyo, na ni mtafiti Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, waliokaa na Waborana hao wakapima kila walichokuwa wanasema wazee, kwamba ndege anaonyesha upande, anaonyesha umbali, na anabadili tabia akishafika. Mwaka 1989 wakachapisha matokeo: kwenye eneo wasilolifahamu, watu bila ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga, wakiwa na ndege saa 3.2. Wazee walikuwa sahihi na wakapimwa na saa.

Mfano mwingine ni kwale wa milima ya Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark waliokuwa kambini kwenye milima hiyo waliona kwenye chungu cha mboga miguu ya ndege ambayo hawakuitambua, na ikaja kujulikana ni aina ambayo sayansi ilikuwa haijawahi kuiandika. Lakini aliyempika alikuwa anajua anapika nini.

Kwa hiyo mdogo wangu keti na babu. Chukua daftari, andika jina analolitumia, ndege anafananaje, analia vipi, anaonekana miezi gani, kisha nendeni wote umuone kwa macho yako na uandike ulichokiona wewe pembeni. Palipo na tofauti mrudie babu umuulize tena. Hiyo ni kazi ya kisayansi kamili na nakuomba uifanye mapema, babu akiwa na nguvu za kutembea.

Tunapanga kupeleka klabu ya shule Watamu kuona ndege wa baharini. Twende mwezi gani?
*Mlezi wa klabu, Voi*

Nendeni kati ya Oktoba na Machi. Miezi hiyo mkondo wa Mida unajaa wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, na mtamkuta pia ndege mla kaa, mweupe kwa mweusi mwenye mdomo mnene mweusi, ambaye anazaa kwenye mashimo ya mchanga huko Oman na Ghuba halafu anakuja kukaa kwetu. Mwezi usikusumbue kuliko maji. Maji yakiwa yametoka kabisa ndege wako mbali kwenye matope, watoto wataona vidoti tu. Waulizeni wavuvi wa pale maji yanajaa saa ngapi siku hiyo na mfike yanapoanza kuingia, ndege wanasukumwa taratibu kuja ufukweni mpaka mnawaona miguu. Jua liwe mgongoni kwenu, na viatu vya wazi vya kukanyagia matope msisahau.